Mashine ya kuchapia picha za Lamu isinunuliwe kwa macho

Kwa muda wa miezi kadhaa sasa, mtu akipita Usita wa Mui baada ya sala ya alasiri huenda akasikia katika mabaraza jambo ambalo zamani halikuwa la mabarazani: habari za mashine ya kuchapia picha. Kikundi cha vijana wa hapa, miongoni mwao wachoraji, wapiga picha na waandishi wa khati, kimechanga fedha na kupata mtu wa kuwajazia, na sasa kinataka kununua mashine kubwa ya kurusha wino, ile ichapayo picha za sanaa za kutundikwa ukutani. Wazee wanauliza ni ya nini. Wenye maduka ya watalii wanauliza itakuwa mali ya nani. Nao vijana wenyewe wamegawanyika. Wako wanaotaka mashine iliyo kubwa kuliko zote, ya upana wa inchi 44, yaani sentimita 112 hivi, na wako wanaosema hakuna haja ya mashine yoyote, kazi zipelekwe Nairobi zikachapwe huko na fedha zibaki.

Mimi nimeulizwa shauri kwa sababu kazi yangu ni kutia picha katika fremu, na kwa miaka mingi nimeona kwa macho yangu mwenyewe ni picha zipi zinazodumu katika nyumba za kisiwa hiki na zipi zinazokufa. Kwa kuwa jambo hili halikihusu kikundi hicho peke yake, naona ni afadhali niyatoe maoni yangu mbele ya wasomaji wote. Nayo ni haya: mashine inahitajika, tena inahitajika hapa hapa Lamu, lakini ile ya inchi 44 siyo.

Yafaa kwanza tufahamiane kuhusu chombo chenyewe. Mashine hii haipigi chapa kwa kukandamiza risasi au bamba juu ya karatasi kama mitambo ya magazeti. Ina kichwa chenye matundu maelfu, membamba kuliko unywele, nacho hukimbia huku na huku juu ya karatasi kikirusha vitone vya wino. Karatasi yenyewe hutoka katika gora, kama gora la nguo dukani, hata picha ikawa ndefu kadiri utakavyo. Upana tu ndio wenye mpaka.

Waliofungua njia ya kuitumia kwa sanaa hawakuwa wachoraji hata kidogo. Mwimbaji Graham Nash, yule wa kundi la Crosby, Stills & Nash, alikuwa na mapenzi ya kupiga picha, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 yeye na rafiki yake Mac Holbert walifungua karakana huko California wakitumia mashine iitwayo Iris. Mashine hiyo iligharimu zaidi ya dola laki moja, na ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya wapigaji chapa wa kawaida waonjeshe rangi kabla ya kuchapa vitabu na matangazo. Mmoja wa mafundi wa karakana hiyo, Jack Duganne, mwaka 1991 alitunga jina la Kifaransa, giclée, kuita kazi zilizotoka humo, ili wanunuzi wasidhani wanauziwa kitu cha kompyuta tu. Jina hilo bado linatembea, nami nimeliona limeandikwa nyuma ya vipande vya karatasi ambavyo sitathubutu kuvitia hata kioo.

Lakini picha za Iris zilikuwa na ila moja kubwa: zilipauka. Na hapa ndipo palipo kiini cha maneno yangu yote, kwa hiyo naomba msomaji anistahamilie.

Wino wa mashine hizi ni wa namna mbili. Kuna wino wa dai, ambao rangi yake imeyeyuka katika maji kama sukari katika chai, nao huingia katika karatasi kama hina inavyoingia katika ukucha. Na kuna wino wa pigimenti, ambao rangi yake haikuyeyuka bali ni vumbi laini mno linaloelea, nalo likikauka hukaa juu ya karatasi kama chokaa juu ya ukuta. Wa kwanza ni rahisi na hung'ara. Wa pili ni ghali zaidi, lakini mwanga huushinda kwa taabu. Iris ilitumia dai. Tangu karibu mwaka 2000 viwanda vikubwa vilianza kutoa mashine pana za pigimenti, na leo mashine yoyote inayodai kuwa ya sanaa na haitumii pigimenti haistahili hata kuulizwa bei.

Wala adui si jua peke yake. Mwaka 2000 watu wengi wa ng'ambo waliokuwa wamenunua mashine mpya za nyumbani walishangaa kuona picha zao zikigeuka rangi ya chungwa katika muda wa miezi michache, nyingine hata hazikuguswa na jua. Ikagunduliwa kwamba hewa yenyewe, kwa gesi zilizomo ndani yake, ilikuwa ikiila rangi ya samawati. Sasa hebu tutazame nyumba zetu. Nyumba ya mawe ya Lamu ilijengwa ili upepo upite. Kiwanda wazi katikati, madirisha ya mapazia, picha ukutani bila kioo. Upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini, hupita juu ya picha hiyo usiku na mchana na chumvi yake.

NAMBA ZA MAABARA

Wauzaji wa mashine watakuonyesha vitabu vyenye namba nzuri: picha itadumu miaka 80, miaka 100, hata 200. Namba hizo hazikubuniwa; nyingi zinatoka katika maabara ya Henry Wilhelm wa Marekani, mtu ambaye ametumia maisha yake kupima jinsi picha zinavyopauka. Lakini kila kipimo kina masharti yake. Huhesabiwa kwa chumba chenye joto la nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 60, na mwanga wa kiasi maalumu kwa saa 12 kila siku. Nani katika Lamu anaishi katika chumba hicho? Hapa mchana wa kaskazi joto hufika nyuzi 30 na kupita, na unyevu wa asilimia 75 au 80 si ajabu kwa mtu yeyote. Anayemwambia mnunuzi wa Shela kwamba picha yake itadumu miaka 100 kwa sababu kitabu kimesema hivyo, amwambie pia kwamba kitabu hakikuandikwa Shela.

Kwa hiyo mimi ningeshauri kwamba kabla ya kufikiri juu ya mashine, vijana wafikiri juu ya karatasi. Iwe ya pamba, isiyo na asidi, na isiyotiwa zile dawa za kung'arisha weupe. Dawa hizo hufa upesi, na karatasi iliyoonekana nyeupe kama theluji hugeuka kuwa kama meno ya mvuta tumbaku. Nimefungua fremu nyingi nikakuta hivyo. Isitoshe, karatasi ya pamba hunywa unyevu. Gora likiachwa wazi usiku mmoja wa masika, kesho kingo zake zimejikunja kama jani la mgomba, na kichwa cha mashine kinapopita hugonga kingo hizo na kupaka wino mahali pasipotakiwa. Gora moja la mita 15 la karatasi ya namna hiyo si kitu cha kuharibu kwa uzembe. Lirudishwe katika mfuko wake kila jioni na mdomo ufungwe. Chumba nacho kiwe cha ndani, juu, mbali na ufuo, chenye mashine ya kupoza na kukausha hewa, maana hata vitabu vya viwanda vyenyewe hukataza kuiendesha mashine katika unyevu unaozidi kiasi cha asilimia 80.

Mtu atasema: basi gharama zote hizo ni za nini, si afadhali Nairobi?

Nitajibu hilo, lakini kwanza nimalize habari ya mashine.

KICHWA NA FUNDI

Viwanda vitatu ndivyo vinavyotajwa sana katika kazi hii: Canon kwa mashine zake za imagePROGRAF PRO, Epson kwa SureColor, na HP kwa DesignJet za namna ya Z. Vijana wamekuwa wakishindana juu ya hesabu ya rangi. Canon PRO-2100 ilikuja na chupa 12, moja kati ya hizo ikiwa haina rangi bali ni ya kulainisha mng'ao. Epson P7500 nayo ilikuwa na 12, zikiwemo rangi ya chungwa, kijani na zambarau. HP Z9+ ilikuwa na 9. Ukiweka picha tatu zilizochapwa vizuri na mashine hizo ukutani mwangu, mimi niliye na kazi hii sitaweza kuapa ipi ni ya nani, na mtalii aliyeteremka Manda asubuhi hataweza kabisa.

Tofauti inayotuhusu sisi imo katika kichwa. Canon na HP huchemsha wino ndani ya kila tundu hata povu lake likasukuma kitone nje. Kichwa kama hicho huchakaa kwa joto, lakini kikichakaa mwenye mashine hukichomoa na kutia kingine mwenyewe, kama abadilishavyo balbu. Epson haichemshi; hutumia kijiwe kinachojikunja kikipewa umeme, na kwa kujikunja huko kitone hutoka. Kichwa cha namna hii ni imara, hudumu miaka mingi, na mafundi wengi wakubwa duniani hawataki kingine. Lakini siku kikiziba kabisa au kuharibika hakuna budi aje fundi wa kampuni na vyombo vyake, na bei ya kichwa hicho inaweza kumfanya mtu aone bora anunue mashine nyingine.

Kwa mtu wa Nairobi, kumwita fundi ni simu moja. Kwa mtu wa Lamu, fundi hupanda ndege hadi Manda au basi hadi Mokowe, avuke kwa boti, alale, ale, na alipwe siku zake zote, tena baada ya kungojwa labda wiki tatu. Katika wiki tatu hizo mashine imesimama, na mashine ya pigimenti ikisimama matundu yaliyobaki nayo hukauka. Kwa sababu hiyo peke yake, na si kwa sababu ya kuidharau kampuni yoyote, mimi ningenunua ile ambayo kichwa chake naweza kukibadilisha mwenyewe, na kichwa cha akiba ningekiweka kabatini tangu siku ya kwanza.

Kadhalika umeme. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2015 Lamu imeunganishwa na nyaya za taifa, na hatutegemei tena yale majenereta ya dizeli peke yake kama zamani. Hata hivyo stima hukatika, na kila mtu anajua. Ikikatika picha ikiwa nusu, karatasi hiyo imekwisha, na kichwa kimeachwa wazi nje ya kifuniko chake. Betri ya akiba, ya kuwezesha tu kumaliza picha na kufunga mashine kwa adabu, isihesabiwe kuwa anasa.

UKUBWA WA KUJIONYESHA

Sasa nije kwenye inchi 44. Nimepitia daftari langu la kazi. Katika kila picha kumi nilizotia fremu, labda moja ilikuwa na upande mfupi uliozidi sentimita 60. Mashine ya inchi 24 inachapa upana wa sentimita 61. Karatasi ya A1 inaingia bila shida, na urefu hauna mwisho ila mwisho wa gora. Picha za zamani za familia, ambazo ndizo nyingi, hazivumilii hata kukuzwa hivyo. Kurasa za vitabu vya kale ni za ukubwa wa kitabu. Wachoraji wanaokuja kwa tamasha la wachoraji, lililoanza mwaka 2011, huchora vitu vya kubebeka ndani ya mashua. Mchoraji mmoja akitaka turubai ya mita moja na nusu, huyo aende Nairobi kwa kazi hiyo moja, na apewe baraka zetu.

Mashine ya inchi 24 pamoja na miguu yake hufika kilo 100 au kupita. Ya inchi 44 huzidi hapo sana, na sanduku lake ni refu kuliko mtu. Wanaoitaka wamefikiria namna itakavyoonekana katika picha ya ufunguzi, mgeni wa heshima akikata utepe. Hawakufikiria gati la Mokowe maji yakiwa yamekupwa.

Halafu kuna wino. Chupa zinazokuja na mashine mpya mara nyingi si kamili, na sehemu kubwa huishia kujaza mirija kabla hujachapa hata picha moja. Ukija kununua chupa zote kumi na mbili kwa pamoja, utaona kwamba umelipa sehemu kubwa ya bei ya mashine yenyewe. Mashine pana huuzwa kwa bei ya kuvutia ili mtu aoe. Mahari hulipwa baadaye, kidogo kidogo, kwa mililita. Kikundi kina fedha za kiasi fulani. Kikizimaliza zote katika mashine ya inchi 44, mwezi wa tano kitakuwa na jumba la chuma lililokauka, na mfadhili akija atapigwa picha pembeni yake. Kikichukua ya inchi 24, itabaki fedha ya karatasi, wino, kichwa cha akiba na kipimo cha rangi, hata kwa mwaka mzima.

Na mashine hii ni kama punda, haiwezi kuachwa bila kazi. Ni lazima ichape kila siku au kila siku mbili, hata kitu kidogo. Siku isiyokuwa na kazi ya sanaa, ichape picha za harusi, ramani za shule, mabango ya mashindano ya majahazi. Wako katika kikundi wanaoona kazi hizo ni za kuivunjia mashine heshima. Waulizeni wao watalipa nini ili wino usikauke.

KWA NINI SI NAIROBI

Narudi kwa wale wanaosema tupeleke kazi mjini mkuu. Hoja yao ina nguvu. Huko kuna mafundi wazuri, na mimi mwenyewe nimewatumia. Lakini sitasahau kazi moja niliyoipeleka huko, picha ya mzee wa mtaani petu iliyopigwa miaka ya 1970, amekaa dakani na kanzu yake ya hudhurungi, nyuma yake ukuta wa chokaa ya zamani ulioanza kupiga rangi ya maziwa ya mgando. Niliyempelekea, ambaye simtaji, alidhani rangi zile ni uchakavu wa picha. Akazisafisha. Mzee alirudi amevaa kanzu nyeupe yenye ubuluu ndani yake, na ukuta kama wa hospitali. Binti yake aliitazama akaniambia, "Ami, huyu kama si baba." Yule fundi hakuwa mjinga wala mvivu. Hakujua kanzu ile, hakujua ukuta ule, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Kuchapa picha kumejaa uamuzi mdogo mdogo wa namna hiyo. Kompyuta hutoa rangi, kipimo huisahihisha, lakini mwisho kuna mtu anayesema hii ni sawa na hii si sawa. Nani awe mtu huyo kwa picha za Lamu? Hilo ndilo swali ambalo naona kikundi hakijaliuliza kwa sauti, na kwangu mimi ni kubwa kuliko inchi zote.

Tutazame jirani zetu. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha alizozipiga za mji ule zilibaki katika studio yake mwenyewe, zikachapwa na kuuzwa pale pale, kizazi baada ya kizazi. Sisi hapa tulikuwa na Omar Said Bakor, ambaye tangu miaka ya 1960 alikuwa na studio mjini Lamu, na kwa mkasi na chumba cha giza aliunganisha picha kadhaa zikawa moja, kazi ya akili na mzaha ambayo baadaye mtaalamu wa Kijerumani, Heike Behrend, ameiandikia. Ni vijana wangapi wa Lamu waliowahi kuiona picha moja ya Bakor ukubwa wa kutazamika? Inasikitisha kwamba ni rahisi zaidi kusoma habari zake kwa Kiingereza kuliko kuona kazi yake imetundikwa mahali katika mji aliozipigia.

Vivyo hivyo kwa maandishi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 miswada ya msikiti wa Riyadha, ule uliojengwa na Habib Swaleh, ilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Misahafu ya Siyu ya karne za 18 na 19, yenye wino mweusi, mwekundu na manjano, imechunguzwa na wataalamu wa vyuo vikuu. Nakala zilizochapwa kwa uangalifu, kwa idhini ya wenye miswada, zingeweza kukaa katika madrasa na shule za Pate, Siyu na Faza, mtoto akaona babu zake waliandika nini bila mtu kuigusa karatasi ya asili kwa vidole vyenye jasho. Wako wanaouliza kama si aibu kuchapa kazi ya Siyu kwa karatasi na mashine ya kigeni. Karatasi ilikuwa ikija na majahazi tangu zamani. Mkono ndio uliokuwa wa Siyu.

Hapa linaingia jambo ambalo muuzaji wa Nairobi hawezi kulifikiria. Kuchapa ni kukosea mara nyingi. Ukurasa mmoja huenda ukachapwa mara tatu au nne kabla rangi haijakaa, na zile zilizoharibika hutupwa. Lakini karatasi yenye aya haitupwi jalalani. Itachomwa au kuzikwa mahali safi, na haifai mtu azalishe karatasi za namna hiyo kwa wingi kisha aseme atazizika. Shauri langu ni kwamba majaribio ya rangi yafanywe kwa kipande cha pambizo tu, pale penye nakshi pasipo na maandishi. Rangi nyekundu na manjano zote zimo humo. Ukurasa wenyewe uchapwe mara moja, rangi ikiisha kukubaliwa. Kanuni hiyo iandikwe ukutani kabla mashine haijawashwa.

Mzee mmoja mwandishi wa khati, ambaye kazi zake nimezitia fremu kwa miaka, haipendi mashine hii hata kidogo. Aliniambia: "Mwanangu, kalamu yangu ya utete huchoka katikati ya herufi, na mwenye jicho huona pale ilipochoka. Hiyo mashine yenu haichoki." Nikamjibu, "Mwalimu, haichoki lakini hukauka." Alicheka, ila hoja yake haikuondoka kwa kicheko. Mtalii akiweza kununua nakala kwa robo ya bei, nani atanunua khati iliyoandikwa kwa mkono siku nne? Katika siku za Maulidi na katika tamasha la utamaduni vijana hushindana kwa khati, na wengi huacha baada ya mwaka mmoja au miwili kwa kuwa hapana riziki.

Mimi naona nakala inaweza kuilinda kazi ya mkono au kuiua, na linaloamua ni daftari. Kila nakala iwe na namba kwa penseli, na sahihi ya mwenyewe, na neno "nakala" liandikwe kwa Kiswahili kilicho wazi, si kwa Kifaransa cha kupandisha bei. Zikisemwa ishirini, ziwe ishirini. Faili lenyewe likae kwa mwenye kazi, lisikae kwa mwenye duka. Na mwandishi wa khati asiyetaka kazi yake ichapwe asichapiwe, hata kama mnunuzi amesimama mlangoni na fedha mkononi. Mzee wangu hataki. Basi ya kwake haitachapwa.

Kikundi kitakutana tena baada ya Maulidi kuamua. Chumba kimekwisha kupatikana, orofani katika nyumba ya mawe nyuma ya ngome, pazuri, pakavu, mbali na upepo wa bahari. Nilikwenda kukitazama wiki iliyopita. Ngazi yake inapinda mara mbili, na penye pindo la pili ukuta umevimba kwa ndani. Nimewaachia vijana utepe wa kupimia na kuwaomba waandike vipimo vitatu, vya mlango wa nje, vya pindo la kwanza na vya pindo la pili, wavilinganishe na sanduku la mashine, kisha wamwite hamali atakayeibeba aje aitazame ngazi hiyo, kabla mtu yeyote hajatia sahihi cheki.